Askari Mashoto Ndani ya Kopo la Maziwa

Baba Tekla,

Salamu yako sina. Ulipokuwa hai ukinikosea nilikununia siku mbili, ya tatu nikakupakulia. Safari hii nimenuna mwezi mzima na sina wa kumpakulia, ndiyo maana nimeshika kalamu. Darasa la nne nililoishia linatosha kwa kazi hii. Nimemwambia Tekla mwanetu asinisahihishe hata neno moja, na barua hii siitii kwenye bahasha. Wote waliokulilia msibani wakisema ametutoka mtu mkweli, nao waisome.

Naanza na sufuria. Unaikumbuka. Nilirudi shambani nimebeba kuni kichwani, nikakuta sufuria yangu ya maharage iko mekoni na wewe umeichuchumalia, unayeyusha risasi ya betri mbovu pamoja na vizito vya nyavu ulivyookota kwa wavuvi. Nikakuuliza tunakula nini leo. Hukugeuka hata kuniangalia. Ukasema, "Subiri kidogo mama, jeshi linaiva."

Jeshi linaiva. Mwanamume mzima, fundi wa mashine ya mpunga, watu wanakuamkia shikamoo barabarani. Sufuria ile niliitupa jalalani na wewe ukalala na njaa.

Lakini ulikuwa mkaidi. Ukajitafutia kopo lako la kuyeyushia, ukachonga askari mmoja wa mti, urefu wa kidole changu cha kati, ukamkandamiza kwenye udongo wa matofali ukapata kalibu. Kutoka hapo ukawa unazaa askari kama panya. Ukawakwangua kwa kisu, ukawapaka rangi iliyobaki kwa wapaka masanduku. Brashi yako ilikuwa nywele za mbuzi ulizofunga kwenye njiti ya ufagio. Upande wetu kijani, upande wa Nduli wa Uganda madoadoa. Ukaniomba wanja wangu uwatie macho. Nikakuambia macho ya nini, kitu cha kukanyagwa na kuku. Ukasema, "Askari asiye na macho atapigaje?" Ulikaa na askari mmoja tangu kahawa ya asubuhi mpaka jua la utosi, unamtia vifungo vya shati, na mlango wa choo chetu umening'inia bawaba moja mwaka mzima.

Halafu ukampata mwenzako. Shomari fundi cherehani, naye ana wajukuu, naye hana haya. Kila Jumapili wewe ukitoka misani unamkuta ameshakaa barazani na futi yake shingoni. Mnamwaga mchanga juu ya meza, mnapanda madodoki mliyokatakata eti ni msitu, na mto mkaufanya kwa kanga yangu ya bluu, nzima, niliyoivaa mara mbili tu. Mnapima kwa futi. Askari wa miguu inchi sita, kwenye msitu inchi tatu, anayepiga arushe dadu. Na kelele zenu. "Umeiba inchi, Shomari." "Mimi ndio Nduli, kuiba ni kazi yangu." Alilalamika miaka yote kwa nini yeye tu awe Nduli, hata Jumapili moja ya Idi hukumbadilishia upande.

Majirani wa mtaa wetu wa Viwanja Sitini walikuwa wakipita wanacheka, na mimi niliwachamba kwa ajili yako. Ndiyo, mimi. Nilikuwa nakusema ndani, nje nakutetea. Nilimwambia yule mama wa genge, "Wa kwako analewa, wangu anachezea vidude, bora nani?" Na mwaka ule mto Lumemo ulipofurika maji yakaingia mpaka kitandani, ukatoka na nini kifuani? Gunia la mpunga likalowa, godoro likalowa, wewe unakata maji yamekufika kiunoni na kopo kubwa la maziwa lenye askari wako umelishika kama mtoto mchanga. Sikusema na wewe mpaka mpunga ulipomaliza kukauka. Nilidhani ni utoto. Ungekuwa utoto, Baba Tekla, leo ningekuwa nakulilia vizuri.

Sasa tuje kwetu Sanje.

Ulikuja nyumbani kwetu vita vya Uganda vilipokwisha. Tulikuona unashuka njia ya kwenye migomba, unachechemea, umevaa koti la mgambo lisilo lako. Mama alidhani ni Anselmi. Alikimbia, kisha akasimama katikati ya njia, maana kaka yangu hakuwa anatembea vile. Ulijitaja, ukasema umetoka Mahenge, wewe na Anselmi mlikuwa kikosi kimoja, mlikuwa mnalala ubavu kwa ubavu. Mama hakukukaribisha hata kwenye kigoda. Akakuuliza, "Umemwona akifa?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuona ukimtazama mama usoni. Ukasema, "Sikumwona, mama. Tulipotezana."

"Basi hajafa."

Akachinja kuku. Ukamla kuku yule.

Baada ya hapo ukawa unarudi, mara unaleta chumvi, mara unamsaidia baba kukata migomba, mwisho ukasema unanitaka. Nani angekukataa? Ulikuwa ndiye mtu aliyetuletea habari njema. Ulinioa juu ya kuku yule.

Unajua mama alivyoishi. Hakukubali matanga. Hakuna aliyeona, alikuwa akisema, aliyekuwa naye mwenyewe hakuona. Kila Novemba kanisani watu wanaandika majina ya marehemu wao kwenye karatasi ili waombewe, na mama alikaa kwenye benchi amekunja mikono. Nikitaka kumwandika Anselmi ananinyang'anya kalamu. "Kumwandika ni kumuua." Kila Krismasi sahani yake iliwekwa, ile yenye ua, na sisi tukala huku tunaiangalia inapoa. Lori la jeshi likipita barabara kuu alitoka mpaka ukingoni. Alizeeka akitoka ukingoni. Na alipokuwa anakata roho alisema, "Anselmi akija mwambieni shamba la migomba ni lake." Nani alikuwa amemshika miguu? Wewe. Nani aliyejibu? "Tutamwambia, mama."

Tutamwambia.

Basi. Ulipokufa, nilipoanua matanga yako, nikaanza kufungua vitu vyako. Kwenye lile kopo la maziwa, chini kabisa, chini ya majeshi yote mawili, nikakuta kitambaa kimefungwa kwa uzi wa cherehani. Nikafungua. Askari mmoja. Wengine wote wamefanana kama punje za mpunga, maana wametoka kalibu moja, bunduki mkono wa kulia. Huyu ulimchonga peke yake. Bunduki ameishika kwa kushoto.

Mimi ndiye niliyekua naye, Baba Tekla. Mimi ndiye niliyepigwa kofi na mkono ule. Mashoto wa Sanje nzima alikuwa mmoja. Hata kijishimo cha kidevuni ulimtia, kwa ncha ya sindano. Kwa wengine wote hukuwa na subira ya vidole, huyu ulimtia kucha.

Sikulia. Nilifunika kopo nikamsubiri Shomari, nikijua atakuja.

Alikuja, hata wiki haijaisha. "Shemeji, nilikuwa nasema lile jeshi nilichukue nikalitunze. Lisije likaharibika."

"Kamanda wake amekufa, litaharibika nini tena?" Nikamweka yule mashoto mbele yake kwenye meza. "Huyu nani?"

Alivua kofia. "Huyo hachezwi, shemeji."

"Sijakuuliza kama anachezwa."

Akaanza kusema anatakiwa kibandani, ana suti ya bwana harusi haijatiwa bitana. Nikamwambia bwana harusi atasubiri, akishindwa aoe uchi. Nikaleta mchanga mwenyewe. Nikaleta madodoki, nikaleta kanga yangu. Nikasema, "Panga. Panga kama mlivyokuwa mkipanga kila Jumapili, na usiruke kitu. Ukiruka kitu jeshi lote naliyeyusha leo hii, nalifanya vizito vya nyavu."

Alipanga, kila kitu anakitaja. Hapa migomba, ninyi mko hapa. Hapa kisima, inchi kumi na nane. Huku kwenye kichaka yuko yeye, Nduli. Akamchukua mashoto akamweka kwenye mstari wa kwenda kisimani. Akasema, "Kila Jumapili, kabla hatujarusha dadu, alikuwa anamweka hapa. Anamtazama. Halafu anamwondoa, anamrudisha kwenye kitambaa. Anachukua askari yeyote kutoka mstarini, anampa dumu." Dumu lenyewe ni kipande cha njiti ya kiberiti. "Anasema, leo anakwenda mwenye zamu. Halafu ananiambia nirushe. Nikipata sita, mchota maji amekufa. Na siku nikipata sita alikuwa anafurahi, shemeji. Nilikuwa sielewi mtu anayefurahi kufiwa na askari wake. Ndipo nikamuuliza."

Ndipo akanieleza. Zamu ya kuchota maji ilikuwa yako. Mguu ulikuwa umevimba, kiatu kimekubana. Anselmi akakunyang'anya dumu akasema, "Kaa hapo, wewe unatembea kama bata." Hakufika kisimani. Na jioni yake mlikwenda kumchukua, na wewe ndiye uliyechimba, chini ya migomba ya watu, huko.

Ulimzika. Ulimzika kwa mikono yako, ukaja kwetu ukanawa mikono hiyohiyo ukamla kuku wa mama yangu.

Niliipindua meza. Mchanga wote mapajani kwa Shomari. Alipiga magoti akawa anawaokota mmoja mmoja, na mimi namsema juu ya kichwa. Muda wote huo alijua. Ananinywea uji, ananiita shemeji, anajua. Akasema tu, "Aliniapisha." Nikamwambia kiapo cha wazee wawili wanaochezea vidude si kiapo.

Najua ungesema nini. Ungesema ulimwona mama usoni ukashindwa. Sawa. Siku ile nakuachia. Ulikuwa kijana, mguu unakuuma, umetoka kuzika. Lakini kesho yake je? Na mwaka uliofuata? Na siku ya harusi yetu, na Novemba zile zote mama anakunja mikono? Uliogopa sura moja ya mama, ukamtwisha miaka yote ya kutoka ukingoni mwa barabara. Na aibu yako ukaitengenezea meza, ukaipaka rangi, ukamwonyesha fundi cherehani. Mimi nilikuwa nakaa hatua nne kutoka pale, nachambua mchele. Ungeniita. Ungesema, Mama Tekla, njoo ushike dadu. Ningekupiga, ndiyo, kwa mwiko. Kisha ningelia, kisha tungekwenda wote Sanje kumwambia mama, naye angelala usingizi kabla ya kufa.

Dada mtu ana haki kuliko rafiki wa dadu.

Basi sikiliza nilivyofanya, maana hukuniuliza na mimi sikuulizi.

Nimekwenda Sanje. Nimewaita wa ukoo waliobaki, nimewaambia Anselmi alikufa, alionwa, alizikwa, na aliyemzika nilikuwa nalala naye. Kwetu aliyefia mbali anazikwa kwa gogo la mgomba, urefu wake, ndani ya sanda. Walipotaka kukata gogo wakaulizana alikuwa mrefu kiasi gani, na hakuna aliyejua tena. Waliojua wamekufa wakingoja. Nikasimama nikaonyesha kwa mkono juu ya kichwa changu, hapa. Wakapima hapo. Mgomba wenyewe tumeukata kwenye lile shamba aliloachiwa. Nimetoboa gogo kifuani kwa kisu, nikamtia yule mashoto wako, nimemzungushia kipande cha kanga ya bluu. Tumemlaza pembeni ya mama. Padre amesoma misa. Na Novemba hii jina lake nitaliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, sitaki mtu anishikie kalamu.

Shomari alikuja. Alisimama nyuma, kofia mkononi. Sijamfukuza, ila uji wangu hanywi mpaka nipoe, na kupoa sijui lini. Majeshi yako yako kwangu, kwenye kopo. Amebaki kuuliza kwa macho.

Kitu kimoja nilikitafuta kwenye kopo lile sikukipata, na hicho kimeniudhi kuliko vyote. Wewe hukuwemo. Umemchonga kaka yangu mpaka kucha, umemtengeneza Nduli na watu wake wote, wewe mwenyewe hukujichonga. Kila Jumapili ulimtuma askari asiye na jina akufie.

Kwa hiyo nimekutengeneza mimi. Nilimchukua mmoja ambaye hujampaka, nikashika brashi yako ya mbuzi. Umetoka vibaya, uso mweusi kama sufuria niliyoitupa, macho ya wanja moja juu moja chini. Hukufanana. Lakini mguu mmoja nimeupinda kwa koleo, na yeyote aliyekuona ukitembea atakujua.

Nimekuchimbia kaburini kwa Anselmi mpaka vifundoni, usianguke. Mkononi una dumu la njiti. Mbele yako nimeweka kizibo cha soda na kila nikienda nakijaza maji.

Zamu ni yako, Baba Tekla. Nyanyuka. Kaka yangu ana kiu tangu vita vile.

Ni mimi,
dada yake Anselmi.