Mji wa Ubao, Pande Nne

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo nimeuzunguka mji mzima bila kukosea! Mji wenyewe ni ubao wa mwalimu Gachanja, wa shule yetu ya udereva hapa Muyeye. Barabara zimechorwa kwa rangi, raundabauti mbili, hospitali, soko, hata reli, ambayo Malindi hatuna. Unashika kigari cha plastiki unakipitisha huku unaimba: natazama kioo, natoa ishara, nampisha wa kulia, naenda. Wengine wanaimba kama wako matangani. Mimi naimba kama nimelipwa. Mwalimu kasema darasa zima liniige. Shule niliachia kidato cha pili, na leo watu wenye diploma wananiiga mimi!

Habari nimempelekea mjomba Ngala. Yeye ndiye dereva wa gari la dobi, anabeba mashuka ya hoteli za Watamu. Macho yamemwisha. Mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Siku hizi anaendesha kwa mazoea. Mama Jedida, mwenye dobi, kamwambia kiti ni cha mpwa wako, ila leseni niione kabla Novemba haijaingia. Nikikosa, analeta dereva wake kutoka Mtwapa, na mjomba aende nyumbani mikono mitupu.

Mjomba kaniuliza, lakini umeelewa? Nikamwambia, mjomba, mimi si mtu wa kuelewa, mimi ni mtu wa kujua! Hakucheka.

Jumatano, 8 Oktoba

Mwalimu kanipa kazi ya kuwafundisha wazito. Mzito wa kwanza ni dada Kahaso wa Sabaki. Anauza mboga, anataka leseni ya tuktuk. Huyu haimbi. Anauliza.

Tulifika raundabauti nikaimba "nampisha wa kulia". Akakisimamisha kigari pale pale. Kwa nini wa kulia? Nikamwambia ndivyo ulivyo wimbo. Na wimbo kautunga nani, anaendesha nini? Nikamwambia, dada, swali hilo halimo kwenye mtihani.

Akanitazama. "Mwenehu Kaingu, ndugu yangu, hicho kigari chako kina macho, ama kina kumbukumbu tu?"

Darasa likacheka. Na mimi nikacheka, ili isijulikane.

Kisha akaokota vifuniko vya soda, akavijaza kwenye raundabauti viwe magari ya watu, akawa anavisukuma kimoja kimoja na kunong'ona peke yake. Mtu mzima! Ataanguka mtihani. Namuonea huruma kidogo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Hakuna jipya. Naimba hata nikioga. Jirani kaniuliza kama nimeokoka.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimeanguka.

Mtahini ni mgeni, Bi. Cherop. Mpole. Ubao wake na wetu ni mapacha. Nikajisimamia mahali pangu. Akasema, pita upande huu, tafadhali. Upande wa pili!

Sasa, ubao wa mwalimu Gachanja umesukumwa ukutani kwa sababu chumba ni kidogo. Upande ule wa pili hakuna mwanafunzi aliyewahi kusimama. Labda mjusi.

Nikaanza. Sauti safi. Nikashika kushoto ya Muyeye, ambayo pale ilikuwa kulia. Nikaingia raundabauti kinyume, nikatoa ishara vizuri kabisa, nikapanda juu ya hospitali.

Bi. Cherop: uko wapi sasa?

Nakata kona, madam.

"Ndani ya wodi?"

Nikamwambia natazama kioo. Akaandika kitu.

Darasa letu lote limeanguka, mmoja nyuma ya mwingine, na sote tumepanda hospitali ile ile. Isipokuwa Kahaso. Anasema alisimama kwanza, akaweka kidole barabarani, akajiambia: hawa wanakuja hivi, basi mimi napita hapa. Kapita, na barabarani pia kapita. Kabahatika.

Mwalimu anasema yule mama anawachukia watu wa pwani. Mwalimu mwenyewe ni wa Nyeri.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nilimwamkia mjomba shikamoo ndefu kabla ya kumwambia. Akauliza nilikosea wapi. Nikasema waliugeuza ubao. Akafikiri. Akasema hata barabara ya Watamu ina kwenda na ina kurudi.

Kumbe jana na yeye kagonga nguzo ya geti la hoteli. Taa ya mbele imekwenda. Anasema nguzo imesogezwa. Mama Jedida kaitazama ile taa, kaingia zake ndani. Afadhali angegomba.

Mtihani wa kurudia ni tarehe thelathini. Baada ya hapo ni Novemba.

Jumanne, 21 Oktoba

Dawa nimeipata! Tumeuvuta ubao katikati ya chumba, na mimi nimetunga nyimbo nne, kila upande na wimbo wake. Wa mlangoni, wa dirishani, wa ukutani na wa mtungini, ulipo mtungi wa maji ya kunywa. Sasa Bi. Cherop aniweke atakapo. Anitundike darini! Njenga, aliyepanda hospitali mara tu baada yangu, kaniomba nimfundishe. Nimemwambia aanze na wa dirishani, ndio mwepesi.

Kahaso kapita kutusalimia, yuko juu ya tuktuk ya kukodi, kajifunga leso kama rubani. Akasikiliza nyimbo zote, kwa adabu. Mwisho akauliza, na akikuweka pembeni, pale pande mbili zinapokutana?

Alipoondoka nikajaribu kutunga wa tano. Umenishinda.

Jumapili, 26 Oktoba

Msimu umeanza, dobi haina Jumapili. Nimekaa kando ya mjomba tukipeleka mashuka. Tulipokaribia njia panda ya Gede akapunguza mwendo, akasubiri. Nikamuuliza tunasubiri nini. Akasema, lile basi liondoke.

"Mjomba, lile ni duka."

Akasema, ndiyo maana.

Njia nzima iliyobaki nilikuwa nakanyaga breki upande wangu, ambako hakuna breki.

Alhamisi, 30 Oktoba

Niko kwenye benchi nje ya chumba cha mtihani. Njenga katoka sasa hivi, shati limeloa. Anasema leo Bi. Cherop hakupi kigari! Anakishika mwenyewe, anaendesha yeye, anakosea makusudi. Kazi yako ni kumwambia kakosea wapi. Ukishasema, anauliza kwa nini. "Kwa nini, Kaingu! Kila mahali kwa nini! Nyimbo zako peleka kanisani."

Nyimbo zangu zote nne ni za dereva mwema. Hakuna hata mmoja wenye kosa ndani.

Nimejaribu kuimba kimoyomoyo nitie kosa. Wimbo unajirekebisha wenyewe.

Bado mtu mmoja mbele yangu.

Nimeondoka kidogo, nimerudi. Kulikuwa na tuktuk imeegeshwa kwenye kona hapa nje. Mama mmoja anasukuma baiskeli yenye madumu ya maji, ikabidi aizunguke ile tuktuk, na lori la mawe likatokea — nilipiga ukelele kabla sijafikiri. Kaponea chupuchupu, dumu moja limepasuka. Nikamfuata mwenye tuktuk, nikamwambia aitoe. Kwani wewe askari? Hapa pana kibao cha kukataza? Hapana kibao. Nikatafuta wimbo. Haukuja.

Nikamwambia, kaka, shuka, twende pale lilipotokea lori. Akashuka huku ananitusi. Tukasimama. Nikamuuliza, tuktuk yako iko wapi? Akaitafuta. Ukuta umeifunika yote, hauonekani hata upara wa tairi. Nikamwambia, basi dereva wa lori naye kaona hicho hicho unachokiona wewe. Hakuongeza tusi. Kaenda kaiondoa.

Yote hayo, na gari bado sijashika.

Wanaita jina langu. Nimeanza wimbo wa mlangoni ili niingie nao, umekatika mstari wa kwanza. Wa dirishani, vivyo hivyo. Kichwani imebaki kona ile tu, na yule mama na maji yake yanamwagika. Bi. Cherop kasimama mlangoni, kigari kiko mkononi mwake, anasema niache kuandika, na mimi nakitazama kile kigari, najiuliza aliye ndani yake angeona nini.