Kesi ya Mtu Tusiyemjua

Mdogo wangu Lusekelo,

Nakuandikia nikiwa dukani Tunduma, nimekaa katikati ya vitenge, kwa sababu nyumbani Mama ananitazama usoni na kuniuliza habari zako. Yuko kwangu tangu ulipokamatwa huko Marekani. Wiki tatu sasa hujapiga simu, na sijui kama barua zinafika huko walikokuweka.

Unakumbuka mbuzi walipokula maharage ya jirani kule Ibaba? Mimi ndiye niliyekuwa nawachunga, nikasinzia. Baba akaamua nikapalilie shamba la jirani siku mbili. Mwaka uliofuata wakakuponyoka wewe, na Baba, kwa hasira, akashika fimbo. Ukasimama mbele yake, ukasema, "Baba, kwa dada uliamua siku mbili za kupalilia. Na mimi nipe hizo hizo." Baba akaishusha fimbo. Tangu siku ile, alichoamua kwa mmoja wetu kikawa sheria kwa wote. Ulikuwa na miaka tisa.

Nilikumbuka hayo wakili wako aliponipigia kutoka Marekani. Alieleza polepole, nami nikajitahidi kwa Kiingereza changu cha kuuzia Wazambia. Alisema sheria ya uhamiaji ni moja nchi nzima, ila majaji ndio wanaoamua maana yake, na hukumu ya mahakama ya rufaa inawafunga majaji wa majimbo yaliyo chini yake. Hata kesi za kazi na za nyumba huenda hivyo. Kule kaskazini ulikokamatwa, mahakama ya rufaa ilishaamua kwamba mtu mwenye kesi kama yako aruhusiwe kuomba dhamana. Kusini, rufaa yao iliamua kinyume. Basi ombi lako liwasilishwe upesi, ukiwa bado kaskazini. Alikuwa anangoja cheti chako cha kuzaliwa tu.

Hiyo ilikuwa Jumatatu asubuhi. Cheti kilikuwa Ibaba, kwenye sanduku la Mama. Ningeondoka saa ile ile ningekipata, nikakipiga picha na kumtumia kabla jua halijazama. Lakini nilikuwa na mzigo mpakani, nikajiambia siku mbili si kitu. Nilikwenda Jumatano. Nilipotuma, wakili akajibu kwamba Jumanne walikupandisha ndege kukupeleka kusini, kabla hajawasilisha ombi.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Sheria ni ile ile, lakini sasa yuko chini ya mahakama nyingine."

Unajua yaliyofuata. Jaji wa kusini alikusikiliza, akasema rufaa yao imeshaamua na yeye hawezi kuivuka. Uliponipigia baada ya hapo, uliuliza kwa nini cheti kilichelewa. Nikakwambia mvua ilikata barabara ya Ileje ya kwenda kwetu Ibaba. Haikukata, Lusekelo. Barabara ilikuwa kavu, magari yanapita. Ukanijibu, "Pole dada, najua ulihangaika." Hiyo pole ndiyo inayoniua. Wateja wananiuliza bei, najikuta nimesahau nilichoshika mkononi.

Nimemwomba wakili aniambie lililobaki. Anasema kuna mtu mmoja, aliyekamatwa kama wewe, ambaye kesi yake imepokelewa na mahakama ya juu kabisa. Akishinda, hata wewe huko kusini utaruhusiwa kuomba dhamana. Akishindwa, hata kaskazini mlango utafungwa. Hatumjui, ila jina tu alilonitajia wakili. Hatujui ana watoto au hana, wala anasali wapi. Hukumu yake ndiyo itakuwa yako.

Nilimweleza Mama hivyo hivyo. Akaniomba nimwandikie jina la mtu huyo kwenye karatasi, na Jumapili akampelekea mchungaji aombewe. Mchungaji alihangaika kulitamka, akauliza kama ni ndugu yetu.

"Si ndugu," Mama akasema, "lakini kesi yake ndiyo ya mwanangu."

Tulirudi na Mama mpaka karibu na nyumba. Kisha akaniuliza kama mama wa mtu yule anajua kwamba na sisi huku tunamngojea mwanawe. Nilimwambia sidhani. Akasema angetamani ajue.

Nisamehe, ukiweza.

Dada yako