Dua Niliyoomba kwa Sauti

Jumanne, 6 Mei
Nimepiga deki ghorofa ya tatu, nimechemsha chai. Mgongo unauma. Ofisi yetu hapa Marshalltown, Johannesburg, inasikiliza watu wa visiwa mbalimbali walioonewa na serikali zao. Leo amekuja ustadhi mmoja. Mdogo wake alichukuliwa na askari, hajulikani aliko. Aliwahi kuishi Unguja, tukaongea Kiswahili. Madam, mwanasheria wetu, akanikumbusha: ya humu hayatoki nje. Kila siku hilo hilo. Eish, mimi mtoto?

Alhamisi, 8 Mei
Ustadhi ameanza kutoa ushahidi. Wiki ijayo atamaliza, Madam aufikishe kwa wakubwa, pengine kijana atafutwe. Ameonja chai yangu, sukari imezidi. "We wa Tanga, miwa mmelima wenyewe?" Nimecheka. Muda mrefu sijacheka.

Ijumaa, 9 Mei
Baada ya sala imamu aliuliza, kama kawaida, nani ana haja ya kuombewa. Kwetu mgonjwa au mfungwa hutajwa kwa jina, ndipo watu waitikie. Nikasimama. Nikamtaja kijana, nikataja kisiwa chao, nikasema kaka yake yuko hapa anamhangaikia. Msikiti mzima: amina. Nimerudi chumbani najiona mtu mwema.

Jumatatu, 12 Mei
Jana askari wamekwenda kwa mama yake ustadhi. Wamemwambia mwanawe wa Johannesburg afunge mdomo, la sivyo yule mwingine hatamwona tena. Msikitini pale kuna watu wa kila kisiwa, wote wana simu. Sikufikiria.
Ustadhi amekuja kufuta ushahidi. Nilikuwa nimeshika trei. Madam hakujua nani amesema. Ustadhi anajua, Ijumaa alikuwa safu ya nyuma yangu.
"Nilikuja hapa nanong'ona, kaka. Wewe ukaniadhinia."
Chai hakuigusa.

Jumanne, 13 Mei
Nimemwambia Madam kuwa ni mimi. Hakufoka. Alifunga jalada la ustadhi, akaliweka kabatini. Bora angenifukuza. Naona aibu hata kuingia na ndoo.

Ijumaa, 16 Mei
Baridi kali. Imamu alisema tujaze nafasi. Nikasogea, kumbe wa pembeni ni ustadhi. Tulisali bega kwa bega, kama dini inavyotaka.
Imamu akauliza nani ana haja ya dua. Ustadhi alinitazama. Nilikaa chini, kichwa nimeinamisha.
Kabla ya kuondoka alimpa mkono mtu wa kulia kwake. Mimi nilikuwa kushoto.