Walivyoielewa Filamu ya Lori

Chumba cha tiketi, ukumbi wa sinema,
Ijumaa mchana.

Kwa kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo gereji, zikukute u mzima na mikono umeinawa grisi, angalau kwa muda wa kusoma barua hii. Mgongo unaendeleaje? Nasikia kwa madereva kwamba kutwa unalala chini ya magari ya watu ukifunga breki, na kwamba hutandiki kitu zaidi ya boksi. Tafuta hata godoro bovu, kaka, mgongo ukienda haurudi. Mimi ni mzima. Wanangu wazima, na yule mdogo ameota meno mawili, anatuuma sote bila upendeleo. Mama presha yake inapanda na kushuka, lakini kutugombeza hajaacha, kwa hiyo nguvu bado anazo.

Najua simu za nyumbani huzipokei, na ile nambari yako ya zamani sasa anaipokea mwanamke mmoja mkali ambaye amekwisha kunichoka. Ndiyo maana barua hii nimempa Mzee Honi, yule rafiki wa Baba, nikamwambia aiweke mkononi mwako mwenyewe na asiondoe lori lake mpaka aone umeifungua. Nakuomba uisome polepole na kwa mpangilio niliouandika. Unamjua Cherehani wako, nikianza kushona maneno huwa sijui pa kukata uzi. Leo nivumilie.

Sidhani kama ulisikia kwamba nimepata kazi katika ukumbi wa sinema. Nauza tiketi, nafagia, nawaamsha waliolala, na kufanya kila jambo ambalo meneja anaona linamshushia hadhi. Jumamosi alasiri tunaonyesha filamu za zamani, na hapa kuna desturi moja: filamu ikiisha hakuna kukimbilia mlangoni. Taa zinawashwa, mimi nazunguka na kipaza sauti, na watazamaji wanatoa maoni yao. Mwanzoni niliona ni upuuzi. Siku hizi nakiri kwamba wengine wanakuja kwa ajili ya maoni kuliko filamu. Yupo muuza viatu mmoja ambaye hulala tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha huwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Wiki tatu zilizopita tulibandika nje bango la filamu ya lori. Baba alikuwa ameniletea funguo nilizozisahau, akalikuta. Alisimama mbele yake na mkongojo wake mpaka nikaona aibu mbele ya wateja. Aliniuliza kama dereva anakufa. Nilimjibu kwamba hayo hayasemwi, anunue tiketi kama watu wengine. Alicheka, kaka. Baba tangu ile ajali hajawahi kukanyaga mahali pa starehe, lakini Jumamosi alikuja, amevaa koti, akakaa kiti cha pembeni ili aunyooshe ule mguu.

Filamu yenyewe haina rangi, na nusu yake ni barabara tupu. Dereva mmoja mtu mzima na utingo wake kijana wanapeleka mitungi ya oksijeni katika hospitali iliyo ng'ambo ya mlima. Tangu wanaondoka, mafuta ya breki yanavuja, tone baada ya tone. Sisi tunayaona, wao hawayaoni, kwa hiyo unakaa roho juu kama vile ni wewe uliyefunga mpira wa breki vibaya. Watu ukumbini walikuwa wakipiga kelele wakimwambia dereva asimame atazame chini. Baba hakupiga kelele. Niliona tu kwamba kila mara dereva alipokanyaga breki, mguu wa Baba ule mzima nao ulikanyaga sakafu.

Wakifika kwenye mteremko, breki zinakatika. Dereva anajaribu gia, anajaribu kila kitu. Halafu anamgeukia utingo na kummiminia matusi ambayo sitayaandika hapa. Anamwita mwoga, anamwita mzigo, anamwambia ashuke katika lori lake na asiuone uso wake tena. Utingo anafungua mlango analia, anaruka. Dereva anakata kona, analibamiza lori kwenye mwamba, linasimama. Mitungi yote salama, dereva amekufa. Utingo anaonekana kwa mbali akienda zake barabarani, hageuki nyuma, na filamu inaishia hapo.

Nikaanza kuzunguka na kipaza sauti. Muuza viatu alisema dereva alikuwa mtu wa roho mbaya, mwenzake anaumia naye anamfukuza. Mwalimu mmoja mstaafu alisema ile ndiyo sura ya binadamu akiwa karibu na kifo, chuki aliyoificha hutoka yote. Msichana mmoja mwanafunzi alisema utingo alifanya vizuri kutogeuka, hata yeye asingegeuka, na watu wakampigia makofi. Mama mmoja anayekuja na sweta zake za kufuma alisema kwamba hata kama dereva alichanganyikiwa, maneno yale hayafutiki.

Baba mwanzoni alikuwa akitabasamu peke yake, kama mtu anayesikia watoto wanaeleza kazi ya wakubwa. Nilidhani anafurahia. Lakini kila mtu mwingine alipoongea, lile tabasamu lilipungua, na alipomaliza yule mama wa sweta, Baba alinyoosha mkono. Nilimpelekea kipaza sauti mwenyewe. Hakutoa maoni. Aliwauliza watu waliomo ukumbini kama wote wameelewa hivyo, kwamba yule dereva alimchukia utingo wake, na waliowaza hivyo wanyooshe mikono. Ilinyooshwa karibu yote, kaka. Wangu pia ulikuwa umenyooshwa.

Baba aliitazama ile mikono safu kwa safu. Kisha akasema, na kipaza sauti kikiwa wazi, kwamba basi na mwanawe ameelewa hivyohivyo.

Sasa nakueleza aliyoyasema, na nayaandika kama alivyoyasema kwa sababu ndiyo niliyotumwa na moyo wangu kukuletea. Alisema breki zikikatika mteremkoni, dereva hana pa kuegemea ila mlima, na mlima uko upande wa utingo. Ukilibamiza lori pale linasimama, lakini aliyekaa upande ule anasagika. Kwa hiyo utingo atoke kwanza, na atoke upesi kabla lori halijakipita kipande cha mchanga laini cha kurukia kando ya barabara. Ukimwambia mtu kwa upole aruke, atang'ang'ania kiti, atakuuliza na wewe je, hasa akiwa damu yako. Ukimtukana mpaka akuchukie, ataruka. Ndivyo madereva wanavyofanya. Yeye mwenyewe aliwahi kutukanwa hivyo na dereva wake alipokuwa utingo, akaruka, na jioni walikaa pamoja wakinywa chai na kuchekana.

Alisema alikuwa na uhakika kwamba unajua. Kila utingo anajua. Siku ya ile ajali, alipokuambia ushuke, kwamba wewe si mwanawe tena, aliamini kwamba ukigusa mchanga tu utacheka. Na ulipoondoka nyumbani bila kuaga, yeye alidhani umeiogopa barabara na umeionea aibu kazi yake. Miaka yote hii alikuwa akiuguza jeraha lake, kaka, na wewe lako, kila mmoja akimngoja mwenzake.

Yule mama wa sweta hakuridhika. Aliomba kipaza sauti tena na kusema kwamba hata kama ni hivyo, mtoto alistahili kuelezwa baadaye. Baba alimwambia ana haki. Alisema yule dereva wa kwenye filamu ana udhuru, amekufa palepale. Yeye alibaki hai na mdomo wake mzima. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kutoa maoni tena, na hata meneja, ambaye hupenda kufunga kikao kwa hotuba, alizima taa za mbele taratibu.

Nyumbani Mama ndiye aliyeanza kuuliza, na alipoelewa alimnunia Baba kuanzia jioni ile hadi Jumatatu. Alimkumbusha siku uliyokuja hospitali ukasimama mlangoni. Baba alikuwa amefungwa taya kwa waya, hawezi kutamka neno, machozi yanamtoka. Ulimtazama kidogo ukaondoka, na Mama alipokukimbilia kwenye ngazi ulimwambia kwamba Baba hata kukutazama hataki. Baba aliposikia hilo aliuliza mara mbili kama kweli ulisema hivyo. Alisema alikuwa analia kwa furaha kwamba una miguu yote miwili.

Alijaribu kukumbuka ni lini alikufundisha ile desturi ya tusi. Alikumbuka alivyokufundisha kufunga turubai, kuweka jiwe chini ya tairi, kuusikiliza mlio wa injini. Hilo lingine hakulikumbuka popote. Mwishowe alisema huenda aliona ni mkosi kumtamkia mwanawe jambo kama hilo kabla ya haja. Ilikuwa safari yako ya tatu tu.

Nilitaka kukuandikia siku ileile, akanikataza. Alisema neno alilitoa kwa mdomo wake na atalifuta kwa mdomo wake. Ndipo akaanza kuwatuma madereva wakuambie uje nyumbani, bila kueleza kisa. Walirudi wakisema umewasikia, umeshukuru, umerudi chini ya gari. Sikulaumu. Kama ningekuwa wewe nami ningejua ninaitiwa nini? Basi akasema mtoto asipokuja atafuatwa. Alipanga kusafiri Alhamisi ya wiki iliyopita. Mama, ambaye alikuwa amekwisha kununa kwa kiwango chake, alimpigia pasi shati na suruali na kumwambia asijaribu kurudi peke yake.

Kaka, kaa chini kama umesimama. Baba hakusafiri. Jumatano asubuhi alikuwa uani ananyoa ndevu kwa ajili ya safari, Mama akasikia kioo kinaanguka. Tulipofika alikuwa ameegemea ukuta, upande mmoja wa uso umenyolewa na mwingine bado una povu. Daktari alisema ni moyo. Baba yetu amefariki. Tulimzika Alhamisi, siku ileile ambayo angekuwa njiani kuja kwako. Mzee Honi na madereva wote wanaoijua gereji yako walikuwa safarini, na yule mwanamke wa nambari yako nilimpigia mpaka naye akalia nami. Nisamehe kwamba umezikosa siku zile. Mama ndiye aliyemalizia kumnyoa.

Nimewakasirikia nyote wawili, sitaficha. Nimekasirika kiasi kwamba wakati mwingine nauza tiketi huku machozi yananitoka na wateja wanadhani filamu ni ya huzuni. Mlikuwa na midomo, mlikuwa na miguu, barabara ilikuwepo, na nyote mlikuwa watu wa barabara. Halafu hasira inaisha na ninachobaki nacho ni kile kiti cha pembeni, ambacho bado siwezi kumkatia mtu tiketi yake.

Sikuandikii ili uje kuomba radhi, hakuna anayekudai. Njoo kwa sababu Mama anataka kukushika uso. Asiposema ni kwa kiburi tu, unamjua. Na kama leo huwezi kuja, basi angalau jua kwamba hukumkimbia Baba. Ulitolewa. Ulitolewa na mtu ambaye, katika muda ule mdogo aliobakiwa nao, alichagua wewe umchukie uishi.

Nifikishie salamu kwa mafundi wenzako wote hapo gereji. Mama anakusalimu. Wanangu wanamsalimu mjomba wao ambaye hawajawahi kumwona. Baba pia anakusalimu. Nimekwisha kukuandikia kwamba hayupo, na sijachanganyikiwa. Salamu zake alizitoa Jumanne jioni, akiwa mzima, nilipomletea chai, kwamba ikiwa dereva yeyote atatangulia kufika kwako kabla yake, amsalimu mwanawe. Hakuna dereva aliyetangulia, kwa hiyo naziweka hapa. Ni zako.

Ni mimi mdogo wako,
Cherehani.