Setilaiti Inayoyumba

Jumatatu, 4 Novemba
Tumeokota korosho mpaka jua likawa kali. Zuhura mgongoni, kalala. Mikono inanuka mabibo hata baada ya kunawa. Saa tisa, kipindi cha hesabu kwenye runinga, picha imekatika tena. Chengachenga tupu. Asubuhi picha safi, mchana hakuna kitu. Somo la milinganyo limenipita. Nina hasira. Mwalimu wa elimu ya watu wazima kule Newala alisema atanipima hesabu kwanza, ndipo aniandikishe. Nikishindwa, nisubiri mwaka mwingine. Niliacha shule kidato cha pili, na mimba ya Zuhura. Sitaki kusubiri tena.

Jumatano, 6 Novemba
Mama mkwe anasema ni mbuzi wa jirani. Eti wanajikuna kwenye nguzo ya dishi, dishi linahama. Kaizungushia miiba, kakaa kuilinda na fimbo kama askari wa ghala. Mbuzi hawakuja. Saa tisa picha ikaondoka vilevile. Nilicheka. Halafu nikalia kidogo.

Ijumaa, 8 Novemba
Fundi Bakari kafika kutoka Masasi. Kapima. Dishi halina kosa, inayosogea ni setilaiti yenyewe. Iko juu ya ikweta, kilomita elfu thelathini na sita, inazunguka sawasawa na dunia, ndiyo maana huku chini tunaona kama imesimama. Ina mabawa ya kunasa umeme wa jua. Lakini imezeeka. Mafuta ya kujiweka sawa yamebaki kidogo, kwa hiyo wanaiacha iyumbe, kaskazini, kusini, kila siku. Mwisho wa mwezi inazimwa. Mafuta ya mwisho ni ya kuisukuma juu zaidi, zinakokaa zilizostaafu, isije ikazigonga nyingine. Chaneli ya masomo haihamii kwenye mpya.
"Mama, mbuzi hawana kesi," kamwambia mama mkwe.
"Basi unayo wewe. Miiba yangu nani atanilipa?"

Jumapili, 10 Novemba
Nimejilaza mkekani na Zuhura, natazama linapotazama dishi. Karibu utosini. Bluu tupu. Lakini ipo pale, inayumba taratibu kama mtu anayebembeleza mtoto. Imechoka na bado inaleta masomo. Nikasinzia. Nimeota nimeifunga kwa kanga mgongoni, nyepesi, ina joto la jua.

Jumanne, 12 Novemba
Fundi alituachia bolti moja imelegea. Leo mama mkwe kainamisha dishi kidogo kidogo, mimi ndani naangalia.
"Hapo hapo, Mama. Usipumue."
"Nisipopumua utasoma msibani."
Picha ikatulia. Kalishika kipindi kizima, kama anavyomshika Zuhura akiwa na homa. Nimeelewa kutafuta x. Nampenda mama huyu.

Ijumaa, 29 Novemba
Kila mchana amelishika. Leo somo la mwisho, x na y kwa pamoja. Mwalimu kapata x, tatu. Kageukia y, mkono juu, chaki haijagusa ubao. Skrini ikawa nyeusi. Siyo chengachenga. Nyeusi.
Mama mkwe nje bado kashika. Nilishindwa kumwambia aachie. Nikaandika mwenyewe. y ni saba. Nikairudisha kwenye mlinganyo wa kwanza, ukakubali. Wa pili, ukakubali.
Nikatoka.
"Achia, Mama. Imekwenda."
"Na hesabu?"
"Nimeimaliza."
Kanyoosha mgongo. Tukatazama juu wote wawili. Sijui tulitegemea kuona nini.

Alhamisi, 9 Januari
Nimerudi kutoka Newala. Mwalimu kanipa hesabu ya x na y. Nimeipata. Nimeandikishwa.
Jana mvua ilinyesha. Mama mkwe kaziba kitundu cha dishi kwa nta, limejaa karibu nusu. Huku kwetu maji hayaachwi yapotee. Anamnawisha Zuhura uso humohumo. Dishi sijataka ligeuzwe. Linatazama palepale. Zuhura anapigapiga maji, mawingu yaliyomo yanavunjika, yanarudi.