Tunaingia Handakini

Fulong, Jumamosi jioni

Mpendwa Dada Hsiu-wen,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani huko Osaka? Kikohozi kimekuacha? Sisi ni wazima, isipokuwa magoti ya Baba, ambayo yanalalamika kuliko mwenyewe.

Nilishangaa Baba aliponiambia tuzunguke kisiwa kizima kwa baiskeli, tena yeye akiendesha ile ya Kaka Chih-yuan, tuliyoikuta imeegeshwa juu ya miamba siku wimbi lilipomchukua. Gurudumu la nyuma bado linalia tik-tik-tik.

Leo tulitoka Toucheng kwenye manyunyu, tukafuata njia ya pwani, kile Kisiwa cha Kobe kikiwa baharini upande wa kulia. Mama mmoja anayechoma ngisi alimtania Baba, eti mzee, baiskeli ya kijana hiyo, umeiiba wapi? Baba akamjibu kwamba ameazimwa. Mama yule akacheka, akatupigia kelele tuongeze mafuta, yaani tujikaze, kama wanavyowaambia waendesha baiskeli wote. Baba hakumgusa ngisi wake, wa bahari ile ile.

Kwenye miamba ile hatukusimama. Baba alipunguza mwendo tu, akainamisha kichwa.

Mbele yetu kulikuwa na handaki la reli ya zamani, ambalo sasa ni njia ya baiskeli. Unakumbuka mwaka jana, tulipokwenda kuiita roho ya Kaka irudi nyumbani, mtaalamu wa ibada alivyosema: aliyekuja kwa baiskeli arudishwe kwa njia yake. Ubani ilikuwa niubebe mimi, mdogo wake, lakini Baba alininyang'anya. Kazi ya mbeba ubani ilikuwa kumwambia Kaka kila kona na kila daraja kwamba tunavuka, atufuate. Yote aliyataja. Handakini akanyamaza. Tangu siku hiyo, Bibi akirusha vibao vyake vya ramli kuuliza kama Kaka amefika nyumbani, vinakataa. Bibi alitaka turudie safari ile, Baba akawa hataki hata kusikia habari za handaki. Nawe ulimwambia kwamba fizikia yake imemwacha mwanawe gizani, ukaondoka bila kumuaga.

Leo nilitangulia mimi. Nilikuwa nimepanga kuyasema maneno yale kimyakimya, lakini watu walikuwa wakipishana nasi nikaona haya. Upepo ulikuwa wa baridi, maji yanadondoka ukutani. Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Chih-yuan, mwanangu, tunaingia handakini. Baba yako yuko hapa. Tufuate."

Vijana waliokuwa wakipita walicheka. Mmoja akauliza mzee huyu anaongea na simu gani. Baba akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

Katikati ya handaki alisimama, mguu mmoja chini, akalia. Dada, aliniambia kwamba siku ile hakukataa. Alifungua kinywa, ikatoka pumzi tu. Akaona afadhali tumwite mkaidi kuliko tujue kwamba alishindwa kulitamka jina la mwanawe. Mwaka mzima amekuacha umchukie kwa jambo ambalo hakulifanya.

Kuna jingine, na hili sijui nilisemeje. Baiskeli ya Baba ilikuwa imesimama, yangu imesimama, wale vijana walishapita. Lakini tik-tik-tik ile bado ilikuwa inakuja kutoka gizani nyuma yetu, polepole, kama ya mtu asiyetaka kuwapita wakubwa wake. Huenda ulikuwa mwangwi. Sikugeuka. Baba naye, mwalimu wa fizikia, hakugeuka. Alipangusa macho, akaniambia twende taratibu, tusimwache.

Hapa Fulong amenunua wali wa boksi, maboksi matatu. Muuzaji alipouliza wa tatu yuko wapi, Baba alisema anakuja.

Kesho kuna madaraja mengi hadi Keelung. Amesema atayataja yote, na akikwama nimsaidie. Mpigie simu, Dada. Hatakuomba, unamjua. Lakini leo jioni ameiweka simu mezani, uso juu, na kila inapowaka anaiangalia.

Anakusalimu sana. Mimi nakusalimu. Na Kaka pia.

Mdogo wako akupendaye,
Jui-en