Kwa Nini Sikumweka Amani Raundi ya Kwanza

Jumapili, mwisho wa Aprili 2006. Thamesmead, London.

Mvua tangu asubuhi, ile nyembamba isiyonyesha wala isiyokoma. Nimekataa kwenda kanisani. Sijawahi kukataa, na Mama hakubishana nami, jambo lililonitisha kuliko kama angenigombeza.

Naahidi kusema yote leo, hata yale ambayo Papa angeniambia niyalainishe. Papa alikuwa mwalimu wa Kiswahili Bukavu, na mpaka sasa husoma kila ninachoandika kabla sijakiweka kwenye ukurasa huu wa mtandaoni. Hiki hatakisoma kwanza. Makosa mtakayoyaona ni yangu mwenyewe.

Mmeniita mchawi. Nianzie hapo.

Si wote, na si kwa sauti. Lakini chini ya andiko langu la Alhamisi kuna maoni mengi kuliko niliyowahi kupata, na mmoja wenu, ambaye hakuweka jina, ameandika: “Kinywa hiki kifungwe kwa jina la Yesu.” Kinywa chenyewe ni changu. Nina miaka kumi na tano na mwezi ujao nina mitihani.

Anayefika hapa leo kwa mara ya kwanza ajue hivi. Yaya Amani (kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa, si mlezi) ni mtoto wa Tantine Furaha, dada yake Papa. Yuko Marekani, na chuoni kwao anacheza mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Kazi yake ni kumkimbilia mrushaji wa timu pinzani na kumlaza chini kabla hajautoa mpira mkononi. Kila Aprili timu za kulipwa huchagua vijana kutoka vyuoni, kwa zamu. Iliyofanya vibaya kuliko zote huanza, bingwa humaliza, na hiyo ndiyo raundi ya kwanza. Kisha wanaanza tena. Siku hiyo wanaiita drafti. Timu ikitaka, inaweza kuuza zamu yake kwa timu nyingine, na hapo ndipo mambo huvurugika.

Wapo watu wanaobashiri mapema nani atachukuliwa na nani, na zamu ipi itauzwa. Mimi ni mmoja wao. Najua ni ajabu. Nilianza kwa sababu ya Yaya Amani, nikaendelea kwa sababu naipenda kazi hii. Ni hesabu yenye watu ndani yake. Ninasoma kurasa za Wamarekani kwenye kompyuta ya maktaba ya shule, halafu ninawaelezea nyinyi kwa Kiswahili, maana hakuna mwingine anayewaelezea.

Mwezi wa pili niliandika kwamba timu yenye zamu ya ishirini na nne ingemchukua Amani. Haikuwa na mtu wa kazi yake. Mlifurahi sana. Tantine aliniuliza rangi za timu hiyo, nikamwambia zambarau na kijani. Sikujua anauliza kwa ajili ya nini.

Alikuwa anatafuta kitenge.

Akina mama wote wa kwaya walishonesha sare. Wakafunga na kuomba siku tatu. Jumapili iliyopita wakafanya ibada ya shukrani, kwa nyimbo na matoleo, kumshukuru Mungu kwa raundi ya kwanza ambayo ilikuwa bado haijafika. Mchungaji alisema anayeshukuru baada ya kupokea hana imani, ana risiti tu. Watu walicheka, nami nilicheka.

Lakini mwezi wa tatu ile timu ilikuwa imekwisha kumsajili mchezaji mkongwe wa kazi ileile ya Amani. Niliandika hapa. Nilimwambia Tantine uso kwa uso, kwenye ngazi za jengo letu. Alinijibu, “Mungu haangalii wakongwe,” akaniuliza kama nimekula.

Alhamisi niliweka ubashiri wangu wa mwisho. Nilipitia timu moja moja, nikitafuta mahali pa kumweka. Nilitaka apate mahali, na hilo hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza. Timu zilizomhitaji zilikuwa na hitaji kubwa zaidi la kitu kingine, na ile ya ishirini na nne niliona itauza zamu yake kabisa. Kwa hiyo nilimweka raundi ya pili, karibu na mwanzo. Kati ya maelfu ya vijana wanaocheza mchezo huo, raundi ya pili si aibu. Niliandika hivyo kwa herufi nzito. Mkaruka hapo.

Jioni hiyohiyo Tantine aliingia jikoni kwetu amevaa sare yake mpya.

“Neema, weye mutoto, nimekukosea nini?”

“Hujanikosea kitu, Tantine.”

“Basi murudishe.”

“Siwezi. Ile timu imeshapata mtu.”

“Unawaambia wazungu wasimuchukue!”

“Hawasomi Kiswahili, Tantine.”

Sikukusudia kuchekesha, lakini Mama alikohoa kile kikohozi chake cha kuficha kicheko, nami nikatabasamu.

“Munaona? Anacheka. Mutoto wangu anaanguka, na huyu anacheka.”

Hapo nilitaka kumjibu vibaya. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, na bado ninalo. Sikulitoa kwa sababu ninajua jambo ambalo baadhi yenu hamlijui, au mnalijua na mmelisahau kwa ajili ya vitenge.

Tantine hajamwona Amani tangu akiwa na miaka kumi na mmoja. Vita vilipofika Bukavu, Amani alikuwa kwa baba yake mdogo, Célestin, upande mwingine wa mji. Wale wawili walikimbilia huku, Tantine kule. Wao wakafika kambini, na baada ya miaka Marekani. Tantine akafika hapa peke yake. Kesi yake ya makaratasi haijaisha, kwa hiyo hawezi kutoka nchini. Anasafisha ofisi za watu alfajiri, na picha ya Amani yenye kofia ngumu ameibandika kwenye mlango wa friji, ingawa uso hauonekani vizuri.

Amani amesahau Kiswahili na Tantine hajakipata Kiingereza. Wanapopigiana simu mimi hukaa katikati. Nimefanya hivyo tangu nina miaka kumi na miwili. Kwa hiyo ni mimi niliyeyatafsiri maneno ya Amani mwezi wa kwanza: “Mama, nikichaguliwa raundi ya kwanza, nakuja London kiangazi hiki.” Nilimwona Tantine akikaa chini sakafuni, hapohapo, na simu mkononi.

Raundi ya kwanza kwake si mpira. Ninalijua hilo kuliko nyinyi nyote.

Tantine alipoondoka, Mama alisema, “Muweke tu. Ni jina moja. Unapoteza nini?”

Nilimwambia kwamba nikiandika mnachotaka, basi huo si ubashiri, ni kadi ya sikukuu.

Nilimgeukia Papa. Ni Papa aliyenifundisha kwamba mtu asiandike asichokiamini, hata kama ni sentensi ya mazoezi. Alivaa koti lake akaenda zamu yake ya ghalani Hayes, saa nzima kabla ya wakati wake. Papa, ukisoma hapa, bado nakukasirikia.

Jana drafti ilianza saa kumi na moja jioni kwa saa za hapa. Kina mama walijaa sebuleni kwa Tantine, zambarau na kijani toka mlangoni hadi dirishani. Keki ilikuwa mezani. Nilidhani sitakaribishwa, lakini nilitumiwa mtu kuniita, maana mtangazaji alikuwa anaongea Kiingereza cha haraka na hakuna aliyejua kinachoendelea. Waliniweka kwenye kigoda karibu na televisheni.

“Haya, mutaalamu wetu,” alisema Mama Josué, kiongozi wa kwaya, kwa sauti ya watu wote, “tuambie, leo tule ao tufunge tena?”

Wakacheka. Nikawaelezea kila zamu kama kawaida. Nilikosea mara nyingi, na ninasema hivyo kwa sababu nimeahidi kusema yote. Kijana niliyemweka wa tatu alikwenda wa tisa. Zamu mbili ziliuzwa bila mimi kuziona. Kila nilipokosea, nyuma yangu mtu alisema “Amina.”

Ikafika ya ishirini na nne. Wote wakasimama, wengine wameinua mikono. Mtangazaji alisema maneno machache.

“Anasema nini?” Tantine aliuliza.

“Wameuza zamu yao.”

Hakuna aliyesema Amina.

Naapa sikufurahi. Mama Josué aliwaambia watu kwamba nilipiga kofi dogo kwenye goti. Nilikuwa nimeshika goti ili nisigeuke kumwangalia Tantine. Ilibidi nikae pale hadi zamu ya mwisho, nikitafsiri majina ya watoto wa watu wengine, na kila jina lilipotoka nilisema, “Si yeye.” Si yeye. Si yeye. Raundi ilipoisha walitoka mmoja mmoja bila kuniaga, na Tantine akaifunika keki kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala.

Kumbe Amani alichaguliwa raundi ya pili! Niliona leo asubuhi kwenye televisheni. Si timu niliyoitaja, lakini ni jirani kabisa na pale nilipomweka. Niliruka jikoni kama kichaa. “Mama! Amechaguliwa! Ni mchezaji wa kulipwa!”

Mama akasema, “Nyamaza, majirani.”

Sasa niambieni nyinyi mlioandika maneno yote yale. Kijana wetu, aliyekimbia bila viatu, amechaguliwa mbele ya mamia ya wengine, na katika jengo zima hili ni mimi mchawi peke yangu niliyeshangilia. Nani basi alikuwa hamtakii mema?

Halafu Tantine akabisha hodi. Alikuwa na nguo ya kulalia na kilemba, simu ameishika mbele yake kama kitu cha moto. Hakunisalimia. “Yuko kwa simu. Njoo.”

Nikakaa katikati, kama siku zote. Nilimpa Amani pongezi zangu, akasema asante, sauti yake imechoka. Tantine akasema, “Muulize anakuja lini.”

Nikauliza.

Aliniomba nirudie swali. Kisha akasema, kwa Kiingereza, kwamba timu mpya inamtaka kambini mara moja, kwamba hakuchaguliwa vile alivyotarajia, kwamba ahadi ile ilikuwa ya raundi ya kwanza, basi tutaona.

Ningeweza kulipunguza makali jibu hilo. Nimewahi kupunguza mengine. Lakini nilifikiria vile kitenge kilivyoshonwa kwa neno langu la mwezi wa pili, kabla ya hakika.

“Tantine, anasema tutaona.”

Aliniangalia kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza.

“Hapana. Mutoto wangu hawezi kusema vile. Ni weye unasema vile. Ulimutoa kule kwa ubashiri wako, sasa unamutoa na kwa mudomo wake.”

“Tantine, nakuapia.”

“Leta simu.”

Akaichukua, akanipa mgongo, akasema naye mwenyewe kwa Kiswahili, haraka, maneno ya miaka mingi. Mwishoni akauliza polepole, “Utakuja kuniona, Amani? Kiangazi hiki?”

Nilisikia sauti ya Amani kutoka kwenye simu. “Ndiyo, Mama.”

Ni maneno pekee aliyobaki nayo tangu utoto. Husema hivyo kila mama yake anapoongea, juu ya chakula, juu ya baridi, juu ya maombi. Labda alielewa. Labda hakuelewa hata kidogo. Mimi, mtafsiri, sijui.

“Umesikia?” Tantine aliniambia. “Bila weye tunasikilizana.” Akaondoka.

Sasa hivi ninapoandika yuko kanisani, amevaa ile sare, na kwa hakika ameshasimama mbele ya watu wote kutoa ushuhuda kwamba mwanawe anakuja. Watapiga vigelegele. Na Agosti ikipita bila mtu, najua watakayemlaumu. Watasema nilimfunga tena.

Nimemaliza na nyinyi, dada na mama zangu wa kwaya. Mliobaki na matusi, nafasi ipo hapo chini.

Sasa nasema na wewe, Yaya Amani. Ba’mdogo Célestin husoma ukurasa huu kila wiki, na leo akutafsirie mpaka mwisho, bila kuruka. Siku tatu hizi nimetukanwa kwa ajili yako, na ningetukanwa tena, kwa sababu unacheza vizuri na nilikuona vizuri. Lakini jambo moja sikulibashiri. Sikubashiri kwamba ungempimia mama yako kuja kwako kwa raundi. Kuchaguliwa ni kazi ya timu. Kuja ni kazi yako, na hakuna anayeweza kukununulia zamu hiyo.

Mama yako hanisadiki tena mimi, kwa hiyo usinitumie mimi. Andika hapa mwenyewe, leo, Ba’mdogo akuwekee kwa Kiswahili, nami nitamwomba Papa amsomee Tantine kwa sauti yake.

Mama yako alikuuliza kama utakuja kumwona kiangazi hiki, na ulimjibu ndiyo.

Utakuja?